Makopo Mawili ya Kahawa

Hamilton, Ohio
3 Novemba 2022

Verlin mdogo wangu,

Naomba barua hii ikukute mzima, na vidole vyote kumi vikiwa mahali pake. Sisi hatujambo. Goti langu linalia kila ngazi, na mume wangu Curtis, tangu astaafu, ameanza kuoka mikate. Wa kwanza alimpa mbwa wa jirani. Mbwa aliunusa, akauchimbia shimo, akauzika.

Usishangae kupata karatasi. Simu kati yetu imekwisha kazi. Siku ya ibada ya kumuaga baba nilikuinamia sikioni nikakuuliza jambo mara tatu, na mara tatu ukanijibu, "Asante dada, kula, kuku wapo." Miaka kumi na minne ya kulipua vitu mbele ya kamera ya chaneli yako ya mtandaoni imekula masikio yako. Na mambo ya baba na mama siwezi kuyaandika kwa kidole gumba kwenye kioo.

Jambo lenyewe ni hili. Unakumbuka wosia wa baba juu ya majivu yake akishachomwa, maana aliurudia kila Sikukuu ya Shukrani kabla bata mzinga hajakatwa: "Nusu mlimani, nusu kwa Delphia." Mama amelala hapa Ohio miaka kumi na tisa, kando ya dada zake, kwa sababu kiwanda cha karatasi cha huku kilimpa kazi wakati mgodi wa huko ulikuwa ukimpa baba kikohozi tu. Hawakuachana. Walitenganishwa na mshahara, kama nusu ya watu wa milima yetu.

Ile nusu ya mlima, fanya ulivyoahidiana naye. Mjaze kwenye risasi, mfyatue, piga kelele unavyotaka. Naona ni upuuzi, lakini ni upuuzi wake. Nusu ya mama nitumie kwa posta. Jumapili ya mwisho ya Mei ni siku ya kupamba makaburi. Watu wa Kentucky wote wa mji huu watakuwa makaburini na maua na vyakula vyao, na mimi nataka siku hiyo baba alale alipoomba.

Nimekuuliza siku ya ibada, nakuuliza tena: alisema nini mwishoni?

Dada yako,
Rhoda


Turkeypen, Kentucky
21 Novemba 2022

Dada Rhoda,

Salamu nimezipokea. Vidole ni kumi, nimevihesabu. Mke wangu Jolene anakusalimu na anasema umwambie Curtis asikande unga kama anamchukia.

Kazi ya mlimani imekwisha. Jumamosi ya kumi na mbili, asubuhi ya kwanza ya msimu wa kulungu, kama alivyotaka. Siku moja kabla nilijaza maganda sita kwa mkono wangu, baruti chini, baba juu, nikayaziba kwa nta. Alikuja Mchungaji Estill, akaja Hobert wa ng'ambo ya kijito na bunduki yake ya marisau na mbwa wake. Tulivua kofia. Mchungaji akaomba, tukafyatua sita kuelekea ukingo wa mlima, na moshi wake ukakaa hewani kidogo kama mtu anayefikiria. Mbwa wa Hobert alidhani tumeangusha ndege. Akakimbia, akatafuta kila kichaka, akarudi na kijiti kwa aibu. Hobert akasema, "Baba yako Burchell hajawahi kukosa shabaha. Leo kaupiga mlima mzima."

Nusu ya mama iko salama kwenye rafu ya karakana, ndani ya kopo la kahawa, maana baba alikataa chombo cha dukani. Jina nimeliandika kwenye kifuniko. Nitalituma.

Sasa na mimi niseme. Mwaka jana uliandika gazetini kwenu kwamba watu kama mimi tunafanya "sarakasi ya baruti juu ya makaburi ya nchi." Hukunitaja jina. Ulisema tu "mtu mmoja wa damu yangu". Dada, sijawahi kuelekeza bunduki kwa kiumbe chenye miguu miwili. Napiga matikiti, majokofu mabovu, vitabu vya simu. Wiki ileile ya kumfyatua baba nilijaza maganda kwa vitu vya jikoni: chumvi, mchele, kahawa, majivu ya jiko, tuone kipi kinaingia ndani zaidi ya jeli ya kupimia risasi. Watu milioni moja na laki mbili wamecheka. Kuna askari mstaafu Nebraska ananiandikia kwamba hicho ndicho kicheko chake pekee cha wiki.

Baba alitufundisha kanuni: jua shabaha yako, na jua kilicho nyuma yake. Wewe ulifyatua kalamu bila kutazama. Nyuma yangu alikuwa amekaa baba. Alilikata lile gazeti kwa mkasi, akalikunja, akaliweka ndani ya Biblia. 

Mdogo wako,
Verlin


Hamilton
18 Desemba 2022

Verlin,

Heri ya Krismasi. Huku theluji, mafua, na mkate wa nne wa Curtis, ambao unalika. Nimewatumia siagi ya tofaa chupa mbili. Moja ni ya Hobert, kwa ajili ya heshima ya mbwa wake.

Sikuandika ili kukuumiza. Niliandika kwa sababu mwezi ule nilihudhuria mazishi mawili, na mmoja wa marehemu alikuwa na miaka tisa. Nikarudi nyumbani nikasikia mtu mzima akishangilia shimo. Utaniambia shimo lako liko kwenye tikiti. Najua. Hasira yangu si kwa tikiti. Ni kwamba chombo cha kuua kimegeuzwa kikaragosi, na watu wakikizoea kikaragosi wanasahau meno yake. Neno hilo sitalimeza, hata ukinitumia askari wote wa Nebraska. Na ule utani wako wa majivu mazito "kama mzee asiyetaka kuamka" ni utani wa mtu asiyejua atazeeka.

Habari ya baba na gazeti naiweka kando leo.

Kopo halijafika. Umesema "nitalituma" tangu Novemba. Na swali langu la mwisho umelipita kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa mkali.

Rhoda


Turkeypen
29 Januari 2023

Dada Rhoda,

Natumaini hamjambo. Siagi ya tofaa tumeila na mkate wa mahindi, asante. Hapa barafu tupu. Jolene alianguka uani Desemba, akaumia kiwiko, kwa hiyo kila asubuhi namwaga majivu ya jiko njiani, kuanzia ngazi za baraza hadi karakana, kama baba alivyokuwa akifanya, watu wasiteleze.

Kopo nimelituma jana kwa posta. Utaweka saini.

Usilifungue. Nimeziba kifuniko kwa gundi ili unyevu usiingie. Liweke kaburini hivyohivyo.

Verlin


Hamilton
14 Februari 2023

Mdogo wangu mpendwa,

Limefika. Mtu wa posta alilishika kwa mikono miwili, akanipa bila kusema neno, na nikamshukuru kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Nimeliweka dirishani jikoni, penye jua la asubuhi. Usimwambie mtu, maana nina jina la kulinda: kila siku nikichemsha kahawa namwambia, "Baba, tayari." Nimemweleza habari za goti. Nimemsomea makala kabla sijaipeleka gazetini, na mara mbili nimefuta sentensi kwa sababu nilimsikia akikohoa. Curtis alinikuta naongea, akarudi nyuma taratibu kama aliyeingia chumba cha mgonjwa.

Nimekuwa mkali kwako. Neno "sarakasi" naliondoa. Mengine nabaki nayo, lakini hilo naliondoa, na nimemwambia baba kwamba nimeliondoa.

Nimekuuliza mara mbili, nakuuliza mara ya tatu kwa upole. Wewe ulikuwa umekaa kando ya kitanda. Alisema nini?

Wako,
Rhoda


Hamilton
26 Machi 2023

Verlin,

Wiki sita, hakuna barua. Jolene hapokei simu. Naambiwa na watu kwamba hata kwenye chaneli hujaweka kitu tangu mwisho wa Januari, na kwamba video za mwisho jeli yako ilikuwa na ukungu. Unaumwa? Umejeruhiwa? Niambie mimi kabla sijaisoma gazetini kwangu mwenyewe.

Baba anakusalimu kutoka dirishani.

Rhoda


Turkeypen
12 Aprili 2023

Dada Rhoda,

Siumwi. Jolene ni mzima, kiwiko kimepona. Mvua imenyesha, kijito kimejaa, miti ya maua meupe imechanua ukingoni. Hizo ndizo habari. Sasa nisikilize, na usimwambie baba lolote dirishani mpaka umalize, kwa sababu si baba.

Siku ile ya kumi na moja Novemba nilikuwa na kazi mbili mezani. Moja, kujaza yale maganda sita ya mlimani. Ya pili, kujaza maganda ya ile video ya vitu vya jikoni. Baba alikuwa na sheria kwenye meza ile: kopo moja tu liwe wazi. Ukimaliza, funga, rudisha rafuni, ndipo uchukue jingine. Mimi nilikuwa nakimbizana na jua, nataka nipige picha kabla halijaingia nyuma ya mlima. Nikaacha makopo mawili wazi. Yote ya kahawa, yote mekundu, majina yameandikwa kwenye vifuniko tu. La baba na la majivu ya jiko.

Maganda ya mlimani yalikuwa ya kweli. Nilikwisha kuyajaza. Kisha nikafunga vifuniko, nikavibadilisha bila kujua.

Niliponyanyua lile kopo lililoandikwa JIKO mkono wangu ulijua. Lilikuwa zito. Majivu ya kuni ni mepesi, ukipumua yanaruka. Mkono ulijua, mimi sikuusikiliza. Nikageuka kwa kamera nikasema ule utani. Majivu mazito kama mzee asiyetaka kuamka asubuhi. Nikapiga maganda matano kwenye jeli, ile tunayopimia risasi, ngumu kama nyama na angavu kama kioo. Majivu yalitanda ndani kama wingu la kijivu. Nikasema, "Angalieni, huyu kakataa kutoka upande wa pili!"

Yaliyobaki koponi nilimwaga njiani. Desemba yote, Januari yote. Toka ngazi za baraza hadi karakana. Tulimkanyaga, dada. Mimi, Jolene, Hobert, mtu wa posta. Theluji ilipoyeyuka alikwenda kijitoni.

Nimejua tarehe ishirini na saba Januari, nilipofungua kopo la BABA nilifunge vizuri kwa safari. Juu kabisa palikuwa na kipande cha mkaa, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, na gome la mwaloni bado limeshika. Mtu akichomwa haachi gome. Nilikaa nacho mkononi siku nzima. Kisha nilifanya jambo baya kuliko kubadilisha vifuniko, kwa sababu lile lilikuwa kosa na hili nilichagua. Nilikitoa kile kipande, nikaziba kwa gundi, nikaenda posta. Nilijiambia hutajua kamwe, utazika, utalia, utapona.

Halafu ukaniandikia kuhusu kahawa ya asubuhi.

Kuna jambo la mwisho. Jeli haitupwi. Baada ya kila kipindi tunaiyeyusha kwenye sufuria kubwa, tunaichuja, tunaimwaga upya kwenye kalibu. Kile kipande chenye wingu nilikiyeyusha pamoja na vingine viwili. Ndiyo ule ukungu. Watu waliandika, "Verlin, osha sufuria." Nikaendelea kupiga jeli ileile hadi mwisho wa Januari. Sasa vipande vitatu viko mezani, nimevifunika kwa shuka. Sijashika bunduki tangu siku ile.

Ile video nimeifuta chanelini. Nimehifadhi nakala. Kwenye mwendo wa polepole anaonekana anavyoingia.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba usilizike lile kopo kwa jina lake.

Verlin


Hamilton
17 Aprili 2023

Barua yako imefika. Usiniandikie.

Rhoda


Hamilton
14 Mei 2023

Verlin,

Leo ni siku ya akina mama. Asubuhi nilikwenda kaburini, nikang'oa magugu, nikamwambia mama kwamba mume wake amechelewa. Hakushangaa. Alimngojea kila Ijumaa maisha yake yote, basi la kutoka Kentucky likifika na watu wote isipokuwa yeye.

Curtis hajambo. Anaoka mikate miwili kwa siku na hasemi nami, kwa sababu siku niliyosoma barua yako nilivunja bakuli lake la kukandia. Nimemnunulia jingine.

Nilikuwa nimeanza kukuandikia barua ya kurasa kumi na moja. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na kila kitu: baruti, taifa, mzaha unaokula wafu wake, watu milioni moja na laki mbili wakimcheka baba yetu bila kumjua. Kila sentensi ilipiga. Nikaisoma kwa sauti dirishani, kwa mazoea, nikamaliza, na jikoni hapakukohoa mtu. Nikaichana.

Sasa zamu yangu. Hukuniambia utani wa majivu mazito katika barua yako ya Novemba. Uliandika "majivu ya jiko" tu. Mimi ndiye niliyeutaja Desemba, na wewe ulikuwa na mengi kichwani hukushtuka. Nimeziona video zako zote, Verlin. Miaka yote kumi na minne. Niliziona zaidi baada ya kuandika ile makala, kwa sababu baba hakupokea tena simu yangu, na alikuwa akikaa kwenye kile kiti nyuma ya kamera yako. Watu walikuwa wakisubiri mlipuko. Mimi nilikuwa nasubiri kikohozi. Dakika ya nne, dakika ya saba. Mara moja alisema, "Sogea kushoto, mwanangu," na niliirudisha sentensi ile mpaka Curtis akatoka nje ya chumba.

Ile ya majivu niliiona jioni uliyoiweka. Haikuwa na kikohozi, alikuwa amekwisha kufa. Niliitazama kwa mazoea. Na uliposema "huyu kakataa kutoka upande wa pili" nilicheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu baba afe Septemba. Kwa hiyo usijibebeshe wale milioni peke yako. Mmoja wao alikuwa mimi.

La mwisho, na hili hakuna anayelijua. Ulidhani sikuja baba alipokuwa akiumwa kwa sababu ya kazi. Baba alinipigia Agosti. Alisema, "Njoo, lakini upite kwanza kwa ndugu yako umwombe radhi kwa ile makala. Usipofanya hivyo, usije." Nilimwambia siwezi kuomba radhi kwa ukweli. Nikangoja alegee. Akafa hajalegea, na mimi sikulegea. Wote wawili tulikuwa sahihi, na mmoja wetu sasa yuko kijitoni.

Nimefikiri sana juu ya ile njia ya barafu. Wiki mbili nilishindwa kulala kwa kuwaza viatu vyenu. Halafu nikakumbuka kwamba kila majira ya baridi, kabla hajanywa hata kahawa, baba alikuwa akitoka na ndoo ya majivu ili mama asianguke. Hakuna aliyeanguka hapo baada ya Jolene. Umeniambia mwenyewe. Nakuambia jambo hili mara moja tu na usinilazimishe kulirudia: kazi ile angeipenda kuliko mlima.

Jeli ilete. Vipande vyote vitatu, usivibague, usivichuje tena. Jumapili, tarehe ishirini na nane Mei, saa nne asubuhi. Curtis atachimba. Watu watauliza ni nini, na mimi nitawaambia ni mambo ya familia. Wewe hutasikia wakiuliza, basi una nafuu.

Kopo la kahawa limebaki dirishani. Hobert aliniambia siku ya ibada kwamba baba aliupasua ule mwaloni mwenyewe, Julai, akipumzika kila gogo la tatu, ili mpate kuni za majira ya baridi ambayo alijua hatayaona. Kwa hiyo sikuwa naongea na kopo tupu. Kile kipande cha mkaa ulichokitoa, nirudishie.

Rhoda


Turkeypen
24 Mei 2023

Dada,

Hatujambo sote. Jolene ameoka keki ya tofaa ya tabaka saba kwa ajili ya makaburini. Hobert anakuja nyuma yetu na gari lake, na mbwa, amekataa kumwacha.

Nitaondoka Jumamosi alfajiri. Vipande vitatu nimevifunga kwenye blanketi lake la kijani na nitaviweka kiti cha mbele, navifunga mkanda. Jolene atakaa nyuma, ndiye aliyeamua. Mkaa uko mfukoni mwangu, pale ulipokuwa tangu Januari.

Bunduki sitakuja nayo. Sijui kama nitarudia ile kazi. Ile nakala ya video nitakuja nayo, tuamue pamoja.

Umeniuliza mara tatu alisema nini. Sikujibu kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kusema uongo, na mwingine wote ulifuata njia hiyo. Alikuwa hasikii vizuri tena, mimi pia sisikii, tulikuwa tunapigiana kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Alifungua macho akauliza, "Rhoda kafika?"

Nikamwambia, "Yuko njiani, baba."

Akasema, "Mngojeeni basi," akafumba macho.

Acha taa ya baraza ikiwaka, tukichelewa. Safari hii baba ndiye aliye njiani.

Verlin